Acha Faili Lijigongee Muhuri

Karatasi isiyo na muhuri si karatasi. Ulilijua hilo tangu siku ulipopanga foleni kwenye ofisi ya kata na barua yako nzuri, yenye heshima zote, ukarudishwa kwa sababu kona ya chini ilikuwa nyeupe. Basi usishangae kwamba waandishi wa programu, wanaojigamba kuwa wameachana na makaratasi, nao walitafuta muhuri wao. Wakaupata, tena unaoushinda wa mtendaji: huu unajigonga wenyewe.

Nakuandikia wewe, mdogo wangu wa Bukoba, mwenye laptopu ya mtumba na kazi ya kutengeneza mfumo wa mizani kwa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Muleba. Mimi njia hiyo nimeipita. Kaa karibu, tusisikike.

Unajua kwamba kuna mifumo ya kutunza matoleo ya programu. Kila ukibadilisha faili unakomiti, na mfumo unaandika kwenye daftari lake: nani kabadilisha nini, lini, kwa sababu gani. Daftari hilo linatosha kabisa, ila lina kasoro moja: liko mbali na macho ya watu. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs, Marekani, alitengeneza SCCS, mfumo uliokuwa na alama ambazo ukizipanda ndani ya faili zinajazwa taarifa zenyewe. Miaka kumi hivi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS, na alama zikawa maneno yaliyobanwa katikati ya dola mbili: $Id$, $Date$, $Author$, $Revision$, $Log$. CVS ikayarithi, Subversion ikayachukua karibu yote. Unaandika $Author$ (Subversion uiambie kwanza), unakomiti, unafungua faili unakuta jina lako limeshakaa hapo. Mimi nayaita maneno ya dola, na chukua maana zote mbili: yana alama ya fedha, halafu yanatoa tamko bila kuulizwa.

Hatua ya kwanza: Jaza kichwa cha faili

Usipande neno moja, panda yote. Juu kabisa, ndani ya uzio wa nyota, weka tarehe, mwandishi, toleo na njia ya faili. Mtu anayefungua faili lako akutane na wewe kwanza, kazi baadaye. Sisi watu wa mkoa huu wa Kagera tunaitwa nshomile nchi nzima, yaani wale wasiomaliza sentensi bila kukujulisha kwamba wamesoma. Jina tumeshapewa, tulitumikie.

Kama unatumia CVS, usiisahau $Log$. Hii ndiyo mama yao. Kila ukikomiti, maelezo yako yanaongezwa ndani ya faili lenyewe, juu ya yale ya jana, juu ya yale ya juzi, na hakuna kinachofutwa. Ndani ya mwaka mmoja utakuwa na mistari mia ya "nimerekebisha tena" na chini yake mistari tisa ya programu. Mteja akipitisha macho anaona jasho tupu. Wenye CVS waliandika kwenye mwongozo wao wenyewe kwamba neno hili lina matatizo, na waliotengeneza Subversion wakakataa kabisa kulijaza, eti historia ile ile tayari iko kwenye daftari. Waache. Si kila mtu ana moyo wa kumwona mwenzake aking'aa.

Hatua ya pili: Amka mapema bila kuamka

Hii ndiyo ninayoipenda. Subversion ikijaza $Id$ huandika saa ya dunia, ile ya Greenwich, na mwishoni inatia herufi Z ambayo bosi wako hataiuliza. Sisi tuko saa tatu mbele. Sasa fanya hesabu. Umekunywa chai, umesoma magazeti, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi ndipo unakomiti kazi ya kwanza. Muhuri utaandika 06:12. Bosi ataisoma kama Mswahili yeyote anavyosoma saa ya simu: saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, jogoo hajamaliza. Kijana anajituma huyu!

Inafaa zaidi mwisho wa mwezi. Umeahidi kumaliza tarehe 30. Umemaliza saa nane usiku, yaani tarehe 1 imeshaingia na walinzi wamesinzia. Greenwich bado ni saa tano usiku ya tarehe 30, na muhuri utaapa hivyo hivyo mbele ya mtu yeyote. Una mpaka saa tisa kasoro kidogo. Usiutumie uhuru huo vibaya.

Ila jihadhari na $Date$ ya Subversion. Hiyo hufuata saa ya kompyuta faili linakotolewa. Laptopu yako iliyotoka Dubai, ambayo hukuigusa saa yake, itaandika +0400. Ya mwenzako itaandika +0300. Toleo lile lile, faili lile lile, maandishi mawili tofauti. Mtu akiendesha programu ya kulinganisha nakala herufi kwa herufi ataambiwa mafaili hayafanani, na hamjabadilisha chochote. Mwambie ni virusi. Atatumia siku mbili kuvitafuta, na katika siku hizo mbili hatakuuliza kazi imefikia wapi.

Hatua ya tatu: Jibu swali la toleo bila kulijibu

Siku moja karani wa mzani atapiga simu kutoka Muleba: mfumo unakata vibaya makato ya ushirika. Usihangaike. Muulize kwa sauti ya daktari: "Juu pameandikwa toleo namba ngapi?" Atasoma: 41. Sema: "Aah, sawa," kisha nyamaza kidogo.

Siri ni kwamba ile 41 haielezi kitu ambacho ninyi wawili mnataka kukijua. Katika Subversion kila kukomiti kunaipa hazina nzima, yaani ghala la mafaili yote, namba mpya, lakini $Revision$ hujaza namba ya mara ya mwisho faili hilo moja lilipoguswa. Faili kuu lenye kichwa cha kupendeza liliguswa mara ya mwisho kwenye komiti ya 41. Faili la hesabu za makato, lililojificha nyuma, ulilirekebisha kwenye komiti ya 57. Karani anaweza kuwa na marekebisho, anaweza kuwa hana. 41 itabaki 41 mpaka siku utakapoligusa faili kuu. Namba ya kweli, isiyo na faida.

Faida iko kwenye nauli. Kwa kuwa hakuna anayejua Muleba kuna toleo gani, itabidi mtaalamu aende kuangalia kwa macho yake. Unapanda haisi asubuhi, unapita Kemondo, unapita Muhutwe, unafika unaandika ripoti, unarudi na posho. Ningekuwa na namba moja ya mfumo mzima, iliyopigwa mara moja siku ya kufungasha, karani angeisoma kwa simu na mimi ningebaki nyumbani. Nani atakula?

Hatua ya nne: Wagombanishe waliopatana

Mkiwa wawili kwenye CVS, wewe Bukoba na mwenzako Muleba, kila mmoja kwenye tawi lake, maneno ya dola ndiyo yatakayowapa cha kuzungumza. Wewe umebadilisha mstari wa 80. Yeye kabadilisha mstari wa 300. Wala hamkukaribiana. Lakini mstari wa kwanza wa faili unasema kwako "mimi, leo asubuhi" na kwake unasema "yeye, jana jioni", na siku ya kuunganisha matawi mfumo unawaona mnagombania mstari huo huo. Mgongano. Mafaili 60, migongano 60, na hakuna hata mmoja unaohusu kahawa. Wapo watakaokunong'oneza kwamba CVS ina swichi ya -kk ya kuyanyamazisha maneno hayo wakati wa kuunganisha. Usiitumie. Kutatua migongano 60 kwa mkono kunaonekana kama kazi, na kwa mbali kunafanana nayo sana.

Fikiria gunia pale mzani wa chama. Mpimaji wa Kamachumu akiandika jina lake ubavuni mwa gunia, likifika Bukoba mjini bado ni kilo zile zile, maana wino hauna uzito. Faili haliko hivyo. Kwenye faili, jina lililoandikwa ubavuni ni sehemu ya kahawa. Kila anayelipokea, akaliandika, amelibadilisha uzito. Halafu mnashangaa kwa nini mizani miwili haikubaliani.

Na ukitaka kufuta kabisa nyayo, chukua faili la mtu mwingine kwa flashi, lenye $Id$ yake iliyojaa jina lake na tarehe yake, liingize kwenye hazina yako yenye maneno ya dola, komiti. Mgeni amebatizwa upya: jina lako, tarehe yako, toleo lako. Huo si wizi. Mfumo ndio uliofanya, wewe ulikuwa unatazama pembeni. Wenye mifumo endeshi ya FreeBSD na NetBSD waliogopa jambo hili mpaka wakajitungia maneno yao ya dola, $FreeBSD$ na $NetBSD$, ili $Id$ za wageni zipone. FreeBSD walianza kuhamia Git, mfumo mpya zaidi wa kutunza matoleo, mwaka 2020, na mwaka 2023 wakalifuta neno lao wenyewe kwenye maelfu ya mafaili. Fikiria: miaka mingi ya kugonga, halafu kazi ya kufuta.

Hatua ya tano: Mpe mkulima muhuri wako

Hapa ningependa utulie, maana ndipo kazi yangu ilipofikia kilele.

Ilikuwa msimu wa 2011. Nilitengeneza mfumo wa stakabadhi kwa chama kimoja cha msingi. Mkulima analeta kahawa ya maganda, karani anapima, kompyuta inachapa stakabadhi. Nilitengeneza kiolezo cha maandishi matupu chenye nafasi za kujazwa, na nafasi hizo niliziwekea dola mbilimbili kwa sababu zilipendeza: $Jina$, $Uzito$. Nilipofika kwenye tarehe na mpokeaji, nikaona Kiswahili hakitoshi kuonyesha kwamba nimesoma. Nikaandika $Date$ na $Author$.

Nilijaribu nyumbani, ikafanya kazi vizuri ajabu. Nikakomiti. Nilikuwa nimeshaiambia Subversion kwamba kila faili la .txt lipewe maneno ya dola, maana sikutaka faili hata moja likose heshima. Na akaunti yangu, usicheke, niliipa jina la nshomile.

Subversion ilipolipitia lile faili, ilikuta $Jina$ na $Uzito$ ikayapita, Kiswahili haikijui. Ilipokutana na yale mawili mengine ilifurahi. Nikachukua faili kwa flashi, nikalipeleka Muleba, nikarudi zangu kusherehekea. Kuanzia Jumatatu kila mkulima aliyeleta kahawa aliondoka na karatasi inayosema:

Tarehe: $Date: 2011-06-03 09:14:22 +0300 (Fri, 03 Jun 2011) $
Mpokeaji: $Author: nshomile $

Aliyeleta tarehe 6, tarehe 3. Aliyeleta tarehe 20, tarehe 3. Msimu ulikuwa unaendelea huko nje, mvua na jua vinapishana, wanunuzi wanapandisha na kushusha, lakini kwenye karatasi ilikuwa Ijumaa moja ndefu, saa tatu na robo kasoro dakika moja. Na kahawa yote ya chama, kijiji baada ya kijiji, ilikuwa imepokelewa na mtu mmoja.

Katibu ndiye aliyeshtuka kwanza. Kagera ina ugonjwa wake wa kale uitwao butura: mkulima mwenye shida anauza kahawa ingali mtini kwa mjanja mwenye fedha, na msimu ukifika mjanja anakuja kuvuna alichokinunua kwa bei ya huruma. Kwa hiyo mtu asiyejulikana, anayepokea kahawa ya watu wote kwa siku moja, ana jina la dharau, tena jina lake limezungukwa na dola, alikuwa na sura moja tu machoni pa katibu. Niliitwa. Nikakuta wajumbe wamekaa kwenye benchi wamekunja mikono. "Huyu Nshomile," mwenyekiti akaniuliza taratibu, "ni mtoto wa nani?"

Sasa sikiliza nilivyojibu, ndiyo sababu nakuandikia. Nilisema ni usalama wa mfumo. Nilisema ni teknolojia ya kufuatilia. Nilisema Marekani ndivyo wanavyofanya, na hilo lilikuwa kweli. Walitikisa vichwa. Kisha karani, mama mmoja mpole, akachukua kalamu ya wino, akachora mstari juu ya tarehe yangu na juu ya jina langu, akaandika tarehe ya siku ile kwa mkono, akaweka sahihi, akafungua kidau, akagonga muhuri wa mpira. Akafanya hivyo kwenye kila stakabadhi mpaka msimu ukaisha. Mfumo wangu uliendelea kutumika, sikupoteza mkataba.

Hatua ya sita: Piga na picha muhuri

Fupi hii. CVS usipoiambia kwamba faili fulani ni picha au programu iliyokwisha kusukwa, italichukulia kuwa maandishi, na ikikutana ndani yake na kitu kinachofanana na neno la dola, italijaza. Picha haina nafasi ya ziada. Baiti zinasukumana, na nembo ya chama inafunguka nusu. Wapo wanaokumbuka kuweka -kb. Wewe una mengi ya kufanya.

Hatua ya saba: Mzuie kijana wa Git

Atakuja tu. Amesoma Dar, au Kampala, atavaa miwani, atasema tuhamie Git. Mfumo huu aliuanzisha Linus Torvalds mwaka 2005, na kwa desturi yake haugusi maneno yako ya dola. Uliyoandika ndiyo utakayoyakuta. Kijana atakueleza kwamba Git hulipa kila faili jina linalotokana na yaliyomo ndani yake, herufi na tarakimu 40 zilizokokotolewa, na kila komiti hupata jina lake kwa namna hiyo hiyo. Ukiingiza jina la komiti ndani ya faili, yaliyomo yamebadilika, basi jina nalo limebadilika, basi ulichoandika ni uongo. Mtoto hazaliwi akiwa ameshika cheti chake cha kuzaliwa. Kwanza azaliwe, cheti kitafuata, na kitaandikwa na mtu mwingine. Hoja nzito, nakubali. Ndiyo maana usimruhusu aifikishe kwenye kikao.

Kama mmeshahamia, kuna upenyo mdogo. Kwenye faili la .gitattributes andika ident, na $Id$ itajazwa. Usifurahi sana: itajazwa zile herufi 40 za yaliyomo, bila tarehe, bila namba ya toleo, bila jina lako. Nani atakusalimia kwa hizo? Faraja ni kwamba hujazwa faili linapotolewa hazinani tu, hivyo ukilibadilisha na kukomiti, nakala iliyo mezani kwako itaendelea kuonyesha herufi za zamani mpaka litolewe upya. Uongo wa siku chache, lakini ni wetu.

Atakachopendekeza kijana ni kwamba mafaili yaachwe bila vichwa, na siku ya kufungasha programu ya kwenda Muleba, amri ya git describe ichukue namba kutoka kwenye daftari na kuiweka mahali pamoja, kwenye ukurasa wa "Kuhusu". Karani aisome kwa simu. Atakutolea hata mfano wa nyumbani: wale watafiti wa afya na maendeleo waliozunguka Kagera kuanzia mwaka 1991 na kaya 915, wakarudi mwaka 2004 na tena mwaka 2010, wakiwafuata watu waliohama hadi Uganda. Kila kaya na namba yake kwenye vitabu vyao, na namba haikubadilika eti kwa sababu mtafiti mwingine kafungua mlango. Mjibu kwamba kahawa si kaya. Kama kicheko hakikutoka, agiza soda.

Hatua ya nane: Sambaza ofisini

Usiyaache mazuri haya kwa waandishi wa programu peke yao. Pale stesheneri karibu na stendi ya Bukoba, mwambie binti anayechapa muhtasari wa kikao aweke ile tarehe ya Word inayojisahihisha yenyewe. Kikao kilikaa Machi. Mkaguzi akilifungua faili Novemba, kilikaa Novemba, siku hiyo hiyo aliyokuja, na yeye mwenyewe hakualikwa. Hakuna hoja ya ukaguzi inayosimama mbele ya kikao ambacho bado hakijakaa.

Mimi nilishaacha kazi za mizani. Lakini nikishuka Muleba kwa shughuli zangu, kuna mzee mmoja hukaa barazani karibu na soko, huniona kabla sijamwona. Naamkia, "Shikamoo, mzee." Anaitikia, "Marahaba, Mpokeaji." Kisha anaingiza mkono ndani ya koti, anatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko ile stakabadhi ya 2011, mojawapo ya zile za wiki ya kwanza ambazo kalamu ya karani haikuwahi kuzifikia. Kilo 84 za maganda. Fedha zake za shilingi alishalipwa zamani, hilo halikatai. Anaweka kidole kwenye alama ya dola ya kwanza, anakiburuza mpaka ya mwisho, anahesabu zote nne, anasimamia kwenye jina langu, na ananiuliza nyingine nitaleta lini.